Mlango wa ziwa uko kwetu

Haya ni maneno tuliyosema mbele ya vijana wa Kalemie, katika ukumbi wa parokia moja. Wenzetu wa Uvira, Baraka, Moba na Lubumbashi walituomba tuyaandike ili nao wayapate. Tumesahihisha kidogo tu. Fasi tulizoongea kama tunavyoongea nyumbani, tumeziacha vile.

Jambo yenu, makamarade. Jambo wazee. Jambo wamama mliotoka soko moja kwa moja na mabeseni yenu, tunajua mmeacha franga huko ili mje kutusikiliza, aksanti sana.

Jana jioni tulipita kartie kwa kartie kualika watu. Kijana mmoja wa moto akasimamisha, akatuuliza: "Ninyi, inchi iko na vita, mishahara haitoki, umeme hakuna, na munatuletea mambo ya ziwa?" Tulikuwa na haraka, tukamjibu vibaya vibaya. Kama yuko humu ndani, leo tunamjibu sawasawa.

Kamarade, ulikunywa nini leo asubuhi? Kama robine ya kwenu imekauka sawa ya kwetu, ulikunywa ziwa. Mama alipika ugali na maji ya ziwa. Ukakula ndagala za ziwa. Moto yako uliiosha ufukweni, na mafuta yakarudi ndani ya maji yaleyale. Abiria uliyembeba kutoka bandari alikuja na boti. Na kama umepanga nyumba karibu na maji, basi unajua mwenyewe ni mara ngapi umehamisha godoro. Kwa hiyo tunaposema mambo ya ziwa, tunasema mambo ya tumbo lako na ya nyumba yako. Vita tutaisema pia, tunaisema kila siku. Lakini vita ikiisha kesho na ziwa limekufa, watu watarudi Kalemie kufanya nini?

Tuanze na kitu tunachokiona kila siku bila kukiangalia. Ziwa hili lina urefu wa kilomita zaidi ya 670. Fasi yenye kina kirefu zaidi inafika karibu mita 1,470. Duniani kote ni ziwa Baikal la Urusi tu linalolipita kwa kina. Nchi nne zinaligawana: Burundi iko na asilimia 8, Zambia 6, Tanzania 41. Na Kongo? Asilimia 45. Sisi ndio wenye sehemu kubwa kuliko wote. Mara ngapi mmesikia kiongozi wetu akisema hilo akiwa Kinshasa? Pale Kinshasa wanajua mto. Ziwa wanalifikiria kama mpaka, fasi ambapo nchi inaishia.

Kitu cha pili. Maji haya hayatoki haraka. Mto ukichafuka leo, mvua ya mwezi ujao inausukuma. Ziwa letu ni sawa sufuria yenye kifuniko kilichofunguliwa kidogo sana: maji mengi yanayoingia yanaondoka kwa kupanda hewani na jua, na uchafu haupandi hewani, unabaki. Chini kabisa hakuna hata hewa ya samaki kupumua. Maisha yote ya ziwa, samaki wote tunaokula, wako kwenye tabaka la juu. Tabaka hilo ndilo tunatupia sashe, mafuta ya motere, na maji ya choo.

Na njia moja tu inatoa maji nje kwa mto. Moja. Rusizi inaingiza, Malagarasi inaingiza, mito midogo ya Mitumba inaingiza, lakini mto unaotoa ni Lukuga peke yake, na Lukuga inaanza hapa, katika mji huu. Wengine wenu munaivuka kila siku kwenda kazi. Maji ya Bujumbura, ya Kigoma, ya Mpulungu, yakitaka kutoka lazima yapite mbele ya macho yenu, yashuke hadi kuungana na Lualaba karibu na Kabalo, yapite Kongolo, Kindu, Kisangani, Kinshasa, hadi baharini. Njo maana tunasema mlango wa ziwa uko kwetu.

Tukae kidogo kwenye mlango huu, juu ndio sababu hasa tumewaita.

Wazungu walipofika hapa waligombana sana juu ya Lukuga. Cameron alipita mwaka 1874 akaandika kwamba ndipo ziwa linapotokea. Stanley akaja mwaka 1876 akakuta mto umezibwa na mchanga na matete, maji karibu hayasogei. Mwaka 1879 mmisionari Mwingereza, Edward Hore, akafika na kuona mto unakimbia kwa nguvu. Nani alisema uongo? Hakuna. Mlango ulikuwa umefungwa, ziwa likapanda miaka na miaka, kisha kizibo kikapasuka. Ziwa likashuka mita nyingi. Mukienda Ujiji, upande wa Tanzania, wanaonyesha fasi ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Zamani ilikuwa jirani na maji. Leo lazima utembee ndipo ufike ufukweni. Kitu kilichotokea hapa Lukuga kilihamisha ufuko wa watu wa ng'ambo, na hakuna aliyewauliza.

Wazee waliopo humu wanakumbuka mwaka 1964, ziwa lilipopanda baada ya zile mvua kubwa. Sisi vijana tumejionea ya kwetu. Mwaka 2020 hadi 2021, na tena mwaka 2024, maji yalikuja hadi ndani. Hapa Kalemie nyumba za chini zilikunywa maji. Uvira, usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulishuka na mawe na matope ukaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Gatumba, kule Burundi, watu walihama na kurudi na kuhama tena mpaka wengine wakachoka kurudi. Bandari ya Bujumbura ikaingiliwa na maji.

Wakati ule tulianza kusikia maneno kutoka ng'ambo. Warundi wanasema: Wakongomani wameacha Lukuga izibike, sisi tunazama. Kwenye simu zetu zikapita sauti za hasira, za kwao na za kwetu. Wa kwetu walijibu: na ninyi udongo wenu wote unashuka na mito, ndio unaojaza ziwa. Tulisikiliza sauti zile usiku mmoja, tukacheka kwanza, kisha hatukucheka tena. Kwa sababu wote wawili wako na haki kidogo.

Tuseme ukweli ulivyo. Maji yalipanda kwanza kwa sababu mvua ilinyesha kupita kawaida. Hiyo hatuwezi kumlaumu jirani. Lakini Lukuga ikiwa na mchanga na majani, na watu wamejenga na kulima hadi kwenye kingo, maji yanatoka polepole kuliko yangetoka. Na mchanga huo unatoka wapi? Kwenye vilima tulivyokata miti kwa ajili ya makala. Vya kwetu na vya Burundi na vya Kigoma. Mlima ukivuliwa nguo, udongo unashuka ziwani, na unaua mazalio ya samaki wa kwenye mawe kabla haujafika kwenye mlango.

Sasa kuna wenzetu wanaosema: basi tukodi mashine, tuchimbe Lukuga kesho, tumalize. Polepole. Ukifungua mlango sana, ziwa litashuka sana, na ile tarehe 1879 iko pale kutukumbusha. Boti za Mpulungu na Kigoma zitashindwa kufunga gati, na vijiji vya chini ya Lukuga vitapata maji ambayo havikuyalomba. Tukiuacha mlango uzibike tena, tunazamisha Uvira na Bujumbura. Kwa hiyo mlango huu una funguo moja, funguo iko katika ardhi ya Kongo, na mkono unaoigeuza lazima uwe wa wote wanne. Mtu mmoja hawezi kuamua, hata kama mlango uko kwake. Ni sawa na mfereji unaopita katika parseli yako: uko kwako, lakini ukiuziba, jirani wote wanalala ndani ya maji, na hakuna atakayekusikiliza ukisema "ni parseli yangu".

Je, jambo hili limeandikwa fasi? Limeandikwa. Tarehe 12 Juni 2003, huko Dar es Salaam, nchi zetu nne zilitia saini Mkataba wa usimamizi endelevu wa Ziwa Tanganyika. Ukaanza kutumika mwaka 2005. Mwaka 2008 ikazinduliwa ofisi yake, Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, makao yake yako Bujumbura. Tunauliza hapa, tafadhali muinue mikono: nani alishasikia mkataba huu shuleni? Nani alishauona umebandikwa kwenye ofisi ya mtaa, ya komini, kwenye bandari?

Tunaona mikono mitatu. Na mmoja ni wa mwalimu.

Miaka zaidi ya 20, makamarade. Mtoto aliyezaliwa siku ile ya saini leo yuko na kadi ya mpiga kura. Na ndani ya mkataba kumeandikwa vitu ambavyo tungevipigania sisi wenyewe kama tungeulizwa. Kwamba anayechafua ndiye anayelipa. Kwamba kama kuna hatari kubwa hausubiri hadi sayansi imalize kubishana ndipo uchukue hatua. Kwamba nchi ikitaka kufanya kitu kinachoweza kuumiza ziwa, inawajulisha wengine kwanza. Kwamba raia wanaoishi kando ya ziwa washiriki katika maamuzi. Hatuhitaji kubuni sheria mpya. Tunahitaji kuitoa hii ndani ya kabati.

Na Katiba ya nchi yetu, kifungu cha 53, inasema kila mtu ana haki ya mazingira mazuri kwa afya, na pia ana wajibu wa kuyalinda. Kwa hiyo mtu akikuambia mambo ya ziwa ni ya wataalamu, mwambie asome kifungu cha 53.

Tukuje sasa kwenye jambo linalouma, kufunga uvuvi. Tunajua kuna wavuvi humu na tunajua wengine wamekuja kutusikia tutasema nini ili watukatie maneno. Wako na haki.

Mwezi wa Desemba 2021 mawaziri wa nchi nne walikubaliana juu ya hati ya pamoja ya uvuvi, na ndani yake kuna kupumzisha ziwa miezi mitatu kila mwaka, tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazae na wakue. Tanzania ilifunga upande wake mwaka 2024 katika tarehe hizo. Sisi tulipoenda ufukweni kuzungumza juu ya habari hii, papa mmoja, mvuvi tangu utoto, alituangalia kutoka juu hadi chini. Akasema: "Bana, munatuambia tufunge ziwa. Bale ba ng'ambo banafunga nabo? Nani anachunga usiku? Na watoto wangu, miezi mitatu, wakule mkataba?"

Tulirudi nyumbani kimya. Maneno yale matatu yametusumbua mpaka leo, na tunataka tuyajibu moja moja, bila kumdanganya.

Kwanza, bale ba ng'ambo. Ndagala ile tunayoita ndagala, Kigoma wanaiita dagaa, Mpulungu wanaiita kapenta. Ni samaki mmoja mdogo. Anazaliwa kwenye maji ya mmoja, anakulia kwenye maji ya mwingine, anakufa kwenye wavu wa wa tatu. Hana kadi ya mchaguzi, hana laisse-passer. Ukifunga peke yako, unamfugia jirani. Jirani akifunga peke yake, anakufugia wewe, na wewe usiku unavuka na taa zako kwenda kuvuna, mpaka ukamatwe na askari wa majini, wavu uchukuliwe, motere ichukuliwe, na familia iuze kiwanja kukutoa. Visa vya namna hiyo tunavijua, na munavijua. Papa yule anauliza swali la haki: kufunga kuna maana tu kama wote wanne wanafunga siku moja na kufungua siku moja. Kwa hiyo kila mara habari ya kufunga inapofika ufukweni, swali letu la kwanza kwa viongozi liwe hilo: wengine watatu wamesema nini, na karatasi iko wapi?

Pili, nani anachunga usiku. Hapa tunasema wazi. Kama kuchunga kunamaanisha kila mwenye uniforme anasimama ufukweni na kukata "ushuru" wa kumwachia mtu apite, basi tumefunga mifuko ya wavuvi, ziwa liko wazi. Kamarade wetu mmoja alilipa mara tatu usiku mmoja, kwa watu watatu tofauti, na hakupewa risiti hata moja. Alirudi na beseni nusu. Tunataka kamati za wavuvi wenyewe zichunge, zenye orodha ya mitumbwi inayojulikana, na faini ikilipwa iandikwe kwenye karatasi inayobandikwa ukutani, kila mtu asome.

Tatu, watoto wakule nini. Hapo hatuna jibu zuri, na hatutajifanya kuwa nalo. Mtu hawezi kula mkataba. Serikali inayofunga ziwa bila kuandaa kitu, hata unga, hata mkopo mdogo, hata kazi ya malipo ya kupanda miti kwenye vilima vinavyomwaga udongo, inawaambia watu waibe usiku. Tena kuna wamama wanaokausha na kuuza ndagala: wao hawahesabiwi kabisa, kwa sababu hawana mtumbwi. Kila mpango wa kufunga tuliousikia unazungumza juu ya wavuvi. Wamama wa mabeseni hawamo.

Lakini papa yule, tukimrudia, tutamwambia pia kitu ambacho hatakipenda. Ndagala zinapungua. Yeye mwenyewe alisema: zamani usiku mmoja ulijaza mtumbwi, leo mnakwenda mbali na kurudi na kidogo. Sehemu ya sababu haiko mikononi mwake. Mwaka uleule wa 2003, watafiti walichapisha utafiti juu ya ziwa letu: maji ya juu yanapata joto kwa sababu dunia inapata joto, na maji ya joto yanakaa juu, hayachanganyiki vizuri na ya chini ambako chakula cha samaki kimelala. Ule upepo wa kiangazi unaokuja kuchanganya ziwa unashindwa kufanya kazi yake. Walikadiria kwamba uzalishaji wa ziwa umeshuka kama asilimia 20, na kwamba samaki wangepungua kama asilimia 30. Joto hilo halikutoka kwenye moto wa makala wa Kalemie. Lilitoka kwa nchi zenye viwanda, na siku tutakapodai malipo, nchi nne zikiongea kwa sauti moja zitasikika kuliko nne zinazogombana.

Sehemu nyingine iko mikononi mwetu. Mustikeri iliyotolewa kuwakinga watoto na malaria inavuta samaki wadogo wa kidole ufukweni. Tumeiona kila mtu. Ziwa ambalo tayari lina homa, sisi tunalipiga tena. Kama chakula kimepungua chini, ni lazima tuvute kidogo juu, hakuna hesabu nyingine.

Tupite haraka kwenye sashe, juu ya hizo munajua. Serikali ya Kongo ilisaini tarehe 30 Desemba 2017 amri ya kukataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko ya plastiki. Tanzania ilikataza mifuko yao tarehe 1 Juni 2019. Sisi tulitangulia! Kwa karatasi. Leo mfanyabiashara anayevuka kwenda Kigoma anafungua mzigo wake na kuacha mifuko kabla hajashuka, kwa sababu anajua kule wataikamata. Anaporudi huku ananunua karanga ndani ya sashe, anakula, anatupa majini. Ni mtu yuleyule. Kwa hiyo msituambie kwamba Mkongomani hajui usafi.

Na choo. Bujumbura iko na kituo cha kusafisha maji machafu, kule Buterere. Hapa kwetu maji machafu yanajipeleka yenyewe, na mita chache pembeni mtoto anajaza bido. Kisha kipindupindu kikija tunashangaa, tunasema ni hewa, ni mapepo. Kalemie na Uvira zinatajwa kila mara wakati wa kipindupindu.

Jambo la mwisho ni petroli, na hapa tunalomba muwe macho. Mwezi wa Julai 2022 serikali yetu ilitangaza mnada wa vitalu 27 vya petroli. Kati ya hivyo, 11 vilikuwa katika bonde la Tanganyika. Kumi na kimoja. Mnada ule ulifutwa mwezi wa Oktoba 2024. Wengine walishangilia, sisi tulishangilia nusu tu, kwa sababu petroli haijaondoka chini ya ardhi na mnada mwingine unaweza kuja. Kumbukeni sufuria. Petroli ikimwagika katika mto, inakwenda. Ikimwagika humu, wajukuu wetu wataikuta, na wajukuu wa mvuvi wa Mpulungu ambaye hakupata hata franga moja ya mnada. Mkataba unasema wengine wajulishwe kwanza. Sisi pia tukisikia kesho Tanzania au Burundi wanatafuta petroli katika upande wao, tutakuwa na haki ya kuuliza kwa sauti kubwa, lakini haki hiyo tutakuwa nayo tu kama na sisi tuliheshimu ya kwao.

Kuna mtu ametuletea karatasi hapa mbele, anauliza: "Ushirikiano na majirani ambao wengine wanatuletea vita, namna gani?" Ni swali gumu, na hatutalikimbia. Sisi hatusahau aliyetuumiza. Tunasema tu kwamba mvuvi wa Rumonge na mvuvi wa Kalemie wanakutana usiku katikati ya maji, motere ya mmoja ikizimika mwingine anamvuta hadi ufukweni, na hatujasikia hata mara moja kwamba aliulizwa kwanza uraia wake. Ushirikiano huo ulikuwapo kabla ya mawaziri. Tunawalomba mawaziri waufikie.

Basi tunataka nini. Tunaandika barua kwa gavana, kwa wadepite wetu wa jimbo na wa taifa, na nakala kwa Mamlaka kule Bujumbura. Ndani tunauliza kama Kongo imelipa mchango wake kwa Mamlaka hiyo, mwaka kwa mwaka, na jibu tunalitaka kwa tarakimu. Tunauliza ni mpango gani uko juu ya Lukuga, nani atachimba, kiasi gani, na nchi tatu zingine zimekubali nini. Tunalomba mkataba wa 2003 utafsiriwe kwa Kiswahili kinachosomeka na ubandikwe kwenye kila ufuko na kila bandari. Tena tunalomba wamama wa ndagala wawe na viti katika kila kikao cha kufunga na kufungua uvuvi. Barua iko mezani pale nyuma. Soma kwanza, usisaini kwa sababu rafiki yako amesaini. Kama kuna neno umekataa, lifute na uandike lako pembeni, tutalizungumzia.

Na kabla hatujalomba gavana, tuonyeshe mikono yetu. Jumamosi, saa moja asubuhi, tunakutana mdomoni mwa Lukuga, upande wa daraja. Tunaondoa sashe na chupa, na tunapima na kamba na jiwe kina cha maji katika fasi tano, tunaandika, ili mwezi ujao na mwaka ujao tujue mchanga umeongezeka kiasi gani bila kusubiri mtu atuambie. Wenzetu wa Uvira wamesema watafanya vilevile kwenye Mulongwe. Vijana wawili wa Kigoma tunaoongea nao kwenye simu wameahidi kutupatia vipimo vya upande wao.

Lete jembe, lete gunia. Msilete sashe za kubebea sashe, tafadhali, mara iliyopita tulifanya hivyo na tukajicheka wenyewe. Mwenye mtumbwi aje nao, petroli ya motere tutachanga. Na yule kijana wa moto, kama yuko ndani, tunamwomba atubebee kamba, ni nzito.